Hatua ileile, wakati tofauti: kuhusu h6 kwenye Caro-Kann

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka mitatu kwenye mashindano ya sataranji, na nikiwa na kete nyeusi nacheza ufunguzi wa Caro-Kann dhidi ya Mweupe anayeanza kwa askari kwenye mraba wa e4. Juzi, raundi ya nne, nilipangiwa mtu mwenye reitingi (alama za kiwango) ya chini kuliko yangu. Tulicheza hivi: e4, c6, d4, d5, farasi c3, nikala e4, akala kwa farasi, nikaweka farasi d7, farasi wake akaruka g5, nikamtoa wa pili f6, askofu d3, e6, farasi wake wa pili f3. Hapo nikasogeza h6 kumfukuza farasi wa g5. Hatua hiyo nimeikariri, imo kabisa kwenye somo langu. Yeye akamla askari wa e6 kwa farasi. Nikajua amechemka, nikamla papo hapo. Askofu akaingia g6 na cheki, yaani akimtishia mfalme, na tangu hapo mfalme wangu hakupata pa kukaa. Hatua ya 21 nikampa mkono. Wenzangu wanasema Caro-Kann ni ufunguzi wa woga, niuache. Injini, ile programu ya kompyuta ya sataranji, nayo inasema baada ya ile kafara ya farasi sikuwa nimekufa. Sasa nimechanganyikiwa. Nilikosea wapi? Nikariri hatua ngapi ili hili lisinipate tena? Au nibadili ufunguzi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimeupanga mchezo wako ubaoni mara mbili kabla ya kuandika, mara ya pili nikiwa nimekaa upande wako, na nakuelewa. Kupoteza mchezo kila mtu amezoea. Kinachokukera ni kwamba umepigwa kwa hatua uliyokuwa na uhakika nayo kuliko zote. Ungekosea hatua ya 30, umechoka, dakika mbili kwenye saa, ungelala vizuri tu.

Basi nianze kwa kukuonyesha umekaa na nani kwenye benchi hilo. Tarehe 11 Mei 1997, New York, Garry Kasparov, aliyekuwa ameshika ubingwa wa dunia tangu 1985, alikaa kucheza mchezo wa sita na wa mwisho dhidi ya Deep Blue, kompyuta ya IBM. Matokeo yalikuwa 2.5 kwa 2.5. Alikuwa na kete nyeusi, akacheza Caro-Kann, na hatua zake saba za kwanza ni hizo hizo ulizoniandikia, moja baada ya nyingine, mpaka h6. Kompyuta ikamla askari wa e6 kwa farasi. Kasparov alikubali kushindwa baada ya hatua 19, na mpambano ukaisha 3.5 kwa 2.5. Wewe ulifika 21. Na hata ile kafara, mashine haikuigundua kwa kupiga hesabu pale pale: ilikuwa imewekwa tayari kwenye maktaba yake ya ufunguzi na watu walioiandaa. Maana yake ni kwamba kosa hilo lilikuwa linajulikana. Mpinzani wako naye huenda hakuwa na miujiza yoyote, aliwahi kuliona tu.

Sasa tuingie ubaoni. Panga nafasi ile kabla hujasogeza h6, halafu sahau farasi wa g5 kwa muda. Tazama mraba wa g6. Hauna kete yoyote, wala hakuna anayeuzungumzia. Lakini fuata mshazari wa askofu mweupe aliye d3: e4, f5, g6. Njia ni nyeupe kabisa, haina kizuizi. Kwa nini basi haingii hapo? Kwa sababu g6 ina walinzi wawili, askari wa f7 na askari wa h7. Akiingia ataliwa bure.

Ukasogeza h6. Mlinzi mmoja ameondoka zamu. Askari aliye h6 hana tena kazi na g6. Askari hali nyuma wala pembeni. Kisha farasi akala e6, nawe ukamla kwa askari wa f7. Mlinzi wa pili naye ameondoka, tena umemwondoa kwa mkono wako. Askofu akaingia g6 akiwa hana wa kumgusa, na mfalme wako wa e8 akawa na mraba mmoja tu wa kwenda: e7. Kwenye d8 kuna malkia wako, d7 farasi wako, f8 askofu wako, na f7 inatazamwa na huyo huyo askofu wa g6. Mfalme alipokaa e7 akawa amemziba askofu wa f8. Askofu wa c8 alikuwa amezibwa na farasi wa d7 tangu mwanzo. Mstari wa e hauna askari mweupe, mpinzani anamhamisha mfalme wake pembeni kwa hatua moja na ngome inakuja e1 bila kuomba ruhusa. Umepata farasi mzima, lakini nusu ya jeshi lako iko ndani na mlango umefungwa kwa nje.

Kasparov alijaribu njia nyingine. Hakumla farasi mara moja, aliweka malkia e7, ili farasi wa e6 asiweze kuondoka bila mfalme mweupe kupigwa cheki. Mweupe akamhamisha mfalme pembeni, na mtego ukayeyuka. Kumla kwa malkia hapo ni kumpoteza, maana ngome ingekuja e1 na malkia angekuwa kati ya ngome na mfalme wake. Ikabidi ale kwa askari wa f7, askofu akaja g6 vilevile, mfalme akakimbilia d8. Mwisho alitoa malkia akapata ngome na askofu. Jambo ambalo wengi hawalioni kwenye mchezo ule ni hili: alipokubali kushindwa, kwa kuhesabu kete tu hakuwa nyuma. Alikuwa na ngome, askofu na farasi wa ziada mbele ya malkia wa Mweupe. Hesabu nzuri kabisa, na mfalme aliyesimama katikati ya uwanja hana pa kujificha.

Lakini somo lako linasema h6 ni hatua nzuri, nawe unaniuliza nani mwongo. Hakuna mwongo. Somo lako lina h6, ila si hatua ya 7. Baada ya farasi wa pili wa Mweupe kufika f3, Mweusi huweka kwanza askofu d6. Kwa kawaida Mweupe hujibu malkia e2, na hapo ndipo h6 inapoingia, hatua ya 8. Umeiruka hatua moja. Ni kama umevaa viatu kisha ukatafuta soksi.

Tazama tofauti iliyoletwa na huyo askofu wa d6. Jaribu ile ile kafara: farasi anakula e6, unamla, askofu g6 cheki, mfalme e7. Picha inafanana na yako, sivyo? Sasa angalia f8. Iko tupu. Farasi wako wa d7 anarudi f8, na kwa hatua hiyo moja anamtishia askofu wa g6, anamlinda askari wa e6, na anafungua njia kwa askofu wa c8 na kwa mfalme mwenyewe. Kafara imekosa nguvu. Ndiyo maana Mweupe anayejua humrudisha tu farasi e4, unamla, malkia anakula, na mchezo unaendelea kwa utulivu. Huko mbele utakutana hata na nafasi ambapo Mweusi, malkia mweupe akihamia g4 kutishia g7, anasogeza mfalme f8 kwa hiari yake na hana wasiwasi wowote.

Na kwa nini h6 ni lazima wakati huo? Kwa sababu malkia wa e2 amekuja na tishio. Usipofanya kitu, farasi wa g5 anajitupa f7. Mfalme akimla, farasi wa pili anaruka g5 na cheki, na askari wa e6 hana tena mlinzi. Mfalme akikimbilia g8, malkia anakula e6 cheki, mfalme f8, malkia f7 na kazi imekwisha. Usiniamini, sogeza kete mwenyewe. Kwa hiyo h6 ya hatua ya 8 ni jibu la swali lililoulizwa. Ya hatua ya 7 ilikuwa jibu kabla ya swali.

Kuna ndugu mwingine wa kosa hili, afadhali umjue leo. Hatua ya 5, farasi mweupe anaporuka g5, wapo wanaomfukuza pale pale kwa h6. Farasi haondoki, anaingia e6. Ukimla kwa askari wa f7, malkia anakuja h5 cheki, unaziba kwa g6, malkia anakula g6 na umefungwa. Hatua nane. Mraba ni ule ule, g6, na walinzi waliotoroka ni wale wale. Na Mweupe akicheza malkia e2 hatua ya 5 badala ya farasi g5, usimtoe farasi wa g8 kwenda f6 kwa mazoea: farasi wa e4 ataruka d6 na kumfunga mfalme wako akiwa amezungukwa na kete zake mwenyewe. Askari wa e7 hawezi kumla kwa sababu malkia anamtazama mfalme nyuma yake. Mimi mwenyewe niliwahi kufungwa hivyo hivyo kwenye mchezo wa dakika tano, mbele ya watoto niliokuwa nawafundisha. Walicheka wiki nzima.

Hapo ndipo nakuja kwenye swali lako la kukariri hatua ngapi. Ukinilazimisha nitaje idadi nitakwambia umekariri za kutosha tayari. Ulikuwa na hatua nane kichwani na nane zote zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni sababu. Anayejua kwamba askofu anakwenda d6 ili kuachia f8 hawezi kuiruka hatua hiyo, kama vile anayejua kwa nini anafunga breki hawezi kusahau kuifunga mlimani. Anayeijua kama namba ya saba kwenye orodha atairuka siku moja, kwa uchovu au kwa haraka, na mara nyingi itakuwa siku ya mashindano.

Fanya hivi. Chukua daftari, si simu. Andika hatua zako za Caro-Kann mpaka ya 10, na mbele ya kila moja andika sentensi moja kwa maneno yako: inazuia nini, inafungua nini, inaacha nini bila ulinzi. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi hawaiandiki. Kila askari anayesogea anaacha mraba nyuma yake, na harudi. Kwenye hatua ambayo hukupata sentensi, hapo hujui ufunguzi wako bado. Nakisia utapata tatu au nne za namna hiyo, na ni kazi ya jioni moja kuzitafutia majibu.

Kuhusu injini. Ni kweli kwamba namba iliyokuonyesha haikuwa ya kutisha sana, nami sitabishana na mashine. Lakini jiulize namba hiyo ni ya nani. Ni ya mchezaji asiyechoka, asiyeogopa, anayeona hatua moja pekee inayookoa, kisha nyingine moja, kisha nyingine. Wewe ulikuwa na saa inayokwenda na mapigo ya moyo. Nafasi ambayo mmoja anatembea barabarani na mwenzake anatembea juu ya kamba inaweza kupewa namba ndogo, na bado najua ningependa kukaa upande gani. Ukitaka kujua, njia inayoheshimika zaidi ingekuwa kumla farasi kama ulivyofanya, mfalme e7, kisha malkia c7 na kumrudisha mfalme d8 taratibu. Inachezeka. Simshauri mtu aingie humo kwa makusudi.

Kuna sehemu moja ya barua yako imenishughulisha kuliko ufunguzi wenyewe: "Nikajua amechemka, nikamla papo hapo." Ulijuaje? Nahisi ni reitingi yake. Ungekuwa umekaa na mtu aliyekuzidi pointi 300, akakutupia farasi hatua ya 8, ungeshika kichwa dakika 15. Kete ni ile ile na mraba ni ule ule. Kwa hiyo jiwekee kanuni: mpinzani yeyote akikupa kitu cha bure mapema, mikono chini ya meza kwanza. Tafuta hatua yake inayofuata yenye cheki. Kwako ilikuwa moja tu, askofu g6. Kuiona isingekuokoa, kwa kuwa kosa lilikwisha kufanyika na farasi alikuwa anamtishia malkia wako, lakini ungeingia vitani ukijua ni vita. Nadhani ulipoteza mchezo hatua ya 7, na ulipoteza kichwa hatua ya 8.

Sasa wenzako na huo "ufunguzi wa woga". Caro-Kann imepewa majina ya Horatio Caro na Marcus Kann, walioichambua mwaka 1886. Botvinnik, aliyekuwa bingwa wa dunia, aliitumia dhidi ya Tal, mshambuliaji mkali kuliko wote wa zama zile, kwenye mipambano yao ya ubingwa wa dunia ya 1960 na 1961, na huo wa 1961 Botvinnik akaushinda. Karpov, bingwa mwingine wa dunia, aliicheza miaka na miaka, hasa kwa hii hii njia yako ya farasi d7. Kama ni woga, ni woga wenye vikombe. Wanachomaanisha wenzako, nafikiri, ni kwamba haileti fujo mapema. Hilo ni kweli, na ni suala la tabia yako.

Je, ubadili? Nikupe ninavyoona. Ukibaki na farasi d7, umeshalipa ada ya kujifunza mtego wake mkubwa, na itakuwa ajabu kuuacha leo. Hasara yake ni kwamba Mweusi hubanwa kidogo na hatua za mwanzo hazisamehe mpangilio mbaya, kama ulivyoona. Ukitaka kubaki Caro-Kann lakini upumue, hatua ya 4 toa askofu f5 badala ya farasi d7. Farasi mweupe anamfukuza kutoka g3, askofu anarudi g6, Mweupe anasogeza h4 kutaka kumnasa kwa h5, na hapo, ndugu yangu, h6 ni sahihi kabisa, inamfungulia askofu tundu la h7. Utaona ajabu ya mchezo huu: askari yule yule, hatua ile ile, sasa ni mwokozi. Njia ya tatu ni farasi f6 hatua ya 4: akikula, unamla kwa askari wa e7. Unakaa na askari wawili kwenye mstari wa f lakini kete zako zinatoka haraka na mfalme anakuwa salama. Bei yake unailipa mwishoni, kete zikiisha, maana askari wa ziada wa Mweupe upande wa malkia ana kazi na wako aliyejipanga nyuma ya mwenzake hana. Kwa mtu wa mwaka wa tatu mimi ningechagua askofu f5, ila ni mapendeleo yangu. Napenda askofu aliye nje ya uzio.

Kuhamia ufunguzi mwingine kabisa kwa sababu ya mchezo mmoja sikushauri. Utakwenda Ulinzi wa Kifaransa, utakariri hatua nane mpya bila sababu zake, na baada ya miezi mitatu utaniandikia barua hii hii yenye mraba mwingine. Na usisahau kwamba wapinzani wengi hawatakufikisha kwenye farasi g5 hata kidogo. Watasogeza e5 hatua ya 3, au watakula d5. Umeziandalia hizo? Barua yako haisemi.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Kama ukipitia karatasi zako za michezo kumi ya mwisho unakuta unapoteza ndani ya hatua 25 mara kwa mara, kwa funguzi tofauti, tafuta kocha wa kukaa naye ana kwa ana. Anachohitaji kuona ni macho yako yanakwenda wapi unapofikiri na unagusa kete baada ya sekunde ngapi, mambo ambayo karatasi haionyeshi. Mpe michezo uliyoshindwa, usimpe uliyoshinda. Na kama kushindwa kunakunyima usingizi kwa wiki kadhaa, au mikono inatetemeka kabla ya raundi mpaka unashindwa kuandika hatua, usione aibu kuzungumza na mtu anayeshughulika na mambo hayo. Wachezaji wakubwa wanao watu wa namna hiyo.

Kwa wiki hii, anza na kazi moja. Panga nafasi ile baada ya farasi f3, mwombe mwenzako ashike kete nyeupe, na umwambie ajaribu kafara ya e6 kila mara unapocheza. Weka askofu d6 kwanza. Akishakula e6 mara tano na farasi wako akarudi f8 mara tano, niandikie tena uniambie amesemaje.